Sala ya Baba Yetu Inapokatikia Njiani

Msiba ulikuwa Tukuyu, mkoani Mbeya. Marehemu alikuwa Mmoraviani. Mjane na ukoo wake wote ni Wakatoliki. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, tumebanana chini ya maturubai, padri na mchungaji wamekaa benchi moja. Tuliimba pamoja, tukalia pamoja. Ikafika zamu ya Baba Yetu. Sauti zilikwenda sawa mpaka pale tunapoomba kuokolewa na maovu. Hapo Wakatoliki wakasema Amina, wakanyamaza. Wenzao wakaendelea na ufalme, nguvu na utukufu. Mjane, aliyekuwa ameanza kufuata sauti za wakweze, akasita katikati ya neno.

Jambo hilo linaniuma zaidi kwa sababu maneno yale hayana ugomvi. Wakatoliki wenyewe huyatamka katika Misa, baada ya sala fupi ya padri inayofuata Baba Yetu. Tunakubaliana, na hatujui kwamba tunakubaliana.

Na umoja huo tunauombea. Kila mwaka, Januari 18 hadi 25, makanisa mengi duniani huadhimisha Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo. Ilianza Marekani mwaka 1908 kwa juhudi za Paul Wattson, akiwa bado padri wa Kianglikana. Mwaka uliofuata aliingia Kanisa Katoliki. Kwake umoja ulimaanisha wengine warudi Roma, na sala ya namna hiyo ni ngumu kuiitikia kama ndiwe unayeombewa urudi. Miaka ya 1930 Paul Couturier, padri wa Lyon nchini Ufaransa, akaigeuza: tuombe umoja anaoutaka Kristo, kwa njia anayoitaka yeye. Naamini hapo ndipo mlango ulipofunguka, maana anayesali hivyo hawezi tena kumwomba Mungu ambadilishe jirani peke yake. Tangu mwaka 1968 sala za wiki hiyo huandaliwa kwa pamoja na Vatikani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Na sala hii ya umoja ina damu ndani yake. Sudan Kusini, nchi yenye Wakristo wengi, iliingia vitani Desemba 2013. Wengi waliouana walikuwa wamebatizwa. Aprili 2019, hayati Papa Fransisko alipiga magoti Vatikani akabusu miguu ya Rais Salva Kiir, hasimu wake Riek Machar na viongozi wenzao. Februari 2023 akafika Juba, na hakwenda peke yake. Alifuatana na Justin Welby, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Waanglikana, na Iain Greenshields, wakati huo Moderata wa Kanisa la Scotland. Wakasali na wananchi penye kaburi la John Garang, kiongozi wa harakati za ukombozi wa nchi hiyo. Uzito wa sala ile unaonekana ukikumbuka historia: mwaka 1556 Thomas Cranmer, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alichomwa moto akiwa hai chini ya utawala wa malkia Mkatoliki wa Uingereza. Juba, mrithi wa kiti chake na Papa waliinamisha vichwa pamoja. Sala ile haikumaliza vita, lakini viongozi wa nchi hawakuweza kusema kwamba makanisa yanawahubiria upatanisho ambao yenyewe hayautaki.

Basi wewe padri, mchungaji au katekista unayeongoza ibada ya mchanganyiko, msibani au harusini: kabla ya Baba Yetu, chukua nusu dakika. Waambie watu kwamba leo mtaisali wote mpaka mwisho.