Mjumbe na Maneno Yake



Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Maneno aliyoyachukua si yake, ni ya aliyemtuma; yakichukiza, mwenye lawama yuko nyuma. Leo twataka kuzungumza habari za mjumbe wa namna nyingine, yule achaguliwaye na watu akaketi Bungeni kwa niaba yao, nasi tuulize kama mithali hiyo yamfaa na yeye.

Kwa nini basi watu wasiende wote? Kijijini watu mia waweza kuketi chini ya mwembe wakasikilizana. Nchi ya watu milioni haina mwembe wa kuwatosha, wala mkulima hawezi kuacha shamba wakati wa palizi akakague hesabu za serikali mwezi mzima. Humtuma mwenzao. Hapo ndipo faida na hasara huanza pamoja.

Na tuitazame Uingereza, mwaka 1774. Mji wa Bristol, bandari ya wafanya biashara, ulimchagua Edmund Burke kuwa mmoja wa wajumbe wake wawili. Alipokwisha kuchaguliwa aliwaambia wazi kwamba hatakuwa mchukuzi wa maagizo yao. Atawasikiliza kwa heshima, walakini Bungeni atafuata akili na dhamiri yake, maana Bunge ni la taifa zima, si la Bristol peke yake. Twakiri kwamba neno hilo lina nguvu. Maagizo hutolewa nyumbani kabla hoja hazijasikiwa. Mjumbe aliyefungwa ulimi atashauriana na wenziwe jambo gani?

Burke alishika neno lake. Wafanya biashara wa Bristol walitaka biashara ya Ireland ibanwe, wasipungukiwe na faida. Yeye akataka ilegezwe. Tena akaunga mkono kuwapunguzia Wakatoliki sheria kali zilizowaonea. Mwaka 1780 alirudi kuomba kura, akaona watu wamemgeuka, akajitoa. Sisi twaona kwamba katika mambo yote mawili haki ilikuwa upande wake. Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu watu wa Bristol kwa kumkataa: asemaye kwamba maneno ni yake mwenyewe hawezi tena kujificha nyuma ya mithali ile.

Lakini Burke hakukosa kiti. Mwaka ule ule aliingia Bungeni kwa Malton, mji mdogo ambao uchaguzi wake ulikuwa mkononi mwa rafiki yake, mtukufu Rockingham. Miji ya namna hiyo ilikuwa mingi. Old Sarum kilikuwa kilima kisicho na wakazi, nacho kilipeleka wajumbe wawili mpaka mwaka 1832, ilhali Manchester, mji wa watu maelfu kwa maelfu, haukuwa na hata mmoja wa kwake. Mpaka mwaka 1872 kura zilitolewa hadharani, mwenye nyumba akisikia mpangaji wake anamtaja nani. (Mpangaji huyo alihitaji moyo wa simba!) Wanawake walianza kupata kura mwaka 1918, wakawa sawa na wanaume mwaka 1928.

Mjumbe asiyetumwa na wale anaowasemea alijulikana hata Kenya. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilimteua mmisionari, Dokta Arthur, awasemee Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia humo, aliingia mwaka 1944, naye pia kwa kuteuliwa na Gavana. Hata kama mtu wa namna hiyo angesema vema, na Mathu alisema kwa ujasiri, wananchi hawakuwa na kura ya kumrudisha wala ya kumwondoa. Wajumbe wanane wa kwanza waliochaguliwa na Waafrika wenyewe walipatikana mwaka 1957, na hata siku ile wapiga kura hawakuwa sawa: mmoja alikuwa na kura moja, na jirani yake mwenye elimu na mali aliweza kuwa na tatu.