Ratiba, zamu na kuratibu

Wafasiri wa habari za anga huandika mara kwa mara kwamba wahandisi "wanaratibu" picha za setilaiti. Ratiba na ratibu zina mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini matumizi yametengana. Anayeratibu huwaunganisha watendaji ili kazi zao zisigongane. Anayepanga ratiba huamua lipi lifanyike, na saa ngapi.

Tuchukue Tabora. Landsat 9 hurudia njia yake kila baada ya siku 16. Kurudi huko ni zamu: kunatokana na mzunguko wenyewe, wala hakungoji uamuzi wa mtu. Ratiba huhitajika pale setilaiti iwezayo kugeuza kamera inapopita kwa dakika chache, nayo imeombwa picha za miombo ya Sikonge, bwawa la Igombe na reli ya Kigoma. Kugeuka hula muda na umeme; hifadhi ya data nayo hujaa. Baadhi ya maombi yataachwa, na mawingu ya Januari huweza kuharibu hata yaliyochaguliwa.

Kiasi hicho cha umeme tukiiteje? "Mgawo wa umeme" humpeleka msomaji wa Tanzania moja kwa moja gizani. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyopitia Tabora, iliwapa wapagazi posho, yaani chakula au kitambaa cha kukinunulia. Neno hilo lingefaa, ingawa leo lanuka vikao. "Umeme uliotengwa" ni salama zaidi.

Mfano: Wizara mbili ziliratibu maombi yao, kisha wahandisi wakapanga ratiba ya kupiga picha kulingana na umeme uliotengwa.