Kupakiwa si kupanda gari

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, katika kituo cha matatu mjini Voi, utingo mmoja aliniuliza swali ambalo halijanitoka akilini hadi leo. Dada yangu alikuwa kando yangu, amekalia kiti chake cha magurudumu, begi la vitabu likiwa mapajani. Yeye ni mwalimu wa shule ya upili kule Mwatate na siku hiyo shule zilikuwa zikifunguliwa. Utingo hakumtazama. Alinigeukia mimi akasema, "Bosi, huu mzigo unashuka wapi?"

Huenda alikusudia kile kiti. Nimejaribu mara nyingi kumpa nafasi hiyo ya kujitetea. Hata hivyo, nauli aliyoidai ilikuwa ya abiria wawili, mmoja dada yangu na wa pili kiti chake, na jinsi yeye na dereva walivyomshika dada kwapani na magotini wakamsukuma ndani ilinionyesha kwamba hakuwa amepambanua sana baina ya kiti na mwenye kiti. Kiti chenyewe kilikunjwa kikasukumwa chini ya viti vya nyuma, pamoja na galoni za mafuta ya kupikia. Dada alitengeneza leso yake, akalipa, akanyamaza.

Kazi yangu ni isimu, na sisi watu wa isimu tuna ugonjwa wa kusikiliza vitenzi hata pale ambapo wenzetu wanasikiliza habari. Abiria kwa kawaida hupanda gari, huketi, husafiri na hushuka. Abiria asiyeweza kutembea hupakiwa, huketishwa, hupelekwa na hushushwa, na siku akisahauliwa hupitishwa kituo. Safari yake yote hutendeka katika kauli ya kutendwa. Wala sarufi yetu haistahili lawama kwa hilo. Kiwete, kipofu na kiziwi ni majina yanayobeba umbo la KI-VI, umbo la viti na visu, lakini sijasikia Mswahili akisema "kiwete kimefika". Tunasema "kiwete amefika". Waliotuachia lugha hii walihakikisha kwamba, hata jina likiteleza, upatanisho unamrudisha mtu katika utu wake. Siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu, na Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaagiza kwamba atajwe kwa namna isiyomdhalilisha. Kifungu hicho hicho kinampa pia haki ya kuufikia usafiri wa umma. Agizo la kwanza tumelishughulikia sana katika makongamano. La pili linahitaji spana na mashine ya kuchomelea, na ndilo lililolala.

Dada yangu aliugua polio akiwa na umri wa miaka 3. Alisoma kwa magongo na vyuma vya miguuni, akahitimu navyo, na mabega yalipoanza kuchoka ndipo akakubali kiti. Jioni ya siku ile ya utingo alinipigia simu kuniarifu kwamba amekuwa akiweka akiba na sasa anataka kununua gari. Nilifurahi mno. Nilimwambia kwamba mara moja nitamtafutia dereva mwaminifu, kijana wa kwetu, tena nitachangia mshahara wake.

"Mdogo wangu," akanijibu, "sikusema nataka kupelekwa. Nimesema nataka kwenda."

Nakiri kwamba niliona haya. Nimewafundisha wanafunzi mnyambuliko wa vitenzi kwa miaka mingi. Nawaeleza kila mwaka kwamba "kuendesha" ni "kwenda" kulikotiwa kiambishi cha kutendesha, yaani kukifanya kitu kiende. Haikuwahi kunipitikia kwamba ndani ya ukoo wangu kulikuwa na mtu aliyenyimwa kitenzi hicho, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wanaomnyima.

Tulinunua gari dogo lililotumika kutoka Japani, lenye gia zinazojibadilisha zenyewe. Hilo ni sharti la kwanza, kwani gari la klachi hudai miguu yote miwili. Kinachobaki ni mafuta na breki, na hivi huhamishwa kutoka miguuni hadi mkononi kwa kifaa ambacho si cha ajabu hata kidogo: wenzo wa chuma unaokaa kando ya usukani, wenye fito mbili zinazoteremka hadi kwenye makanyagio. Dereva akiusukuma mbele, breki inashika. Akiuvuta kuelekea kwake au chini, kulingana na ulivyoundwa, gari linapata mafuta. Mkono mmoja unakuwa hapo wakati wote, na mkono wa pili huzungusha usukani kwa kushika kirungu kidogo kilichofungwa juu yake. Aliyekatwa mguu wa kulia hahitaji hata hayo yote. Yeye huwekewa kanyagio la mafuta upande wa kushoto wa breki. Nilimuuliza fundi kwa nini breki iwe ya kusukuma na mafuta yawe ya kuvuta, isiwe kinyume chake. Akanieleza kwamba gari likigonga au likisimama ghafla, mwili hurushwa mbele, na mkono unaorushwa mbele sharti uongeze breki, usiongeze mafuta.

Huyo alikuwa fundi wa pili. Wa kwanza, ambaye karakana yake sitaitaja, alitukabidhi gari lenye fito nyembamba zilizochomelewa moja kwa moja kwenye makanyagio. Kwa bahati njema dada alilijaribu katika uwanja mtupu wa shule. Katika mzunguko wa tatu aliposukuma breki, ufito ulipinda kama waya wa kuanikia nguo, gari likaenda kusimama lenyewe kwenye tuta la mchanga. Alirudi nyumbani ananuka vumbi, akacheka, kisha akaenda chumbani na hakutoka mpaka usiku. Siku iliyofuata mama alinipigia akinisihi nimkataze. Sikumkataza, ingawa sitasema kwamba nililala vyema majuma hayo.

Fundi wa pili, mzee wa Changamwe jijini Mombasa, alizing'oa fito zile akaweka nyingine nzito, akazifunga kwa vibano vya bolti badala ya kuzichomelea, ili makanyagio yabaki mazima na mtu mwingine aweze kuliendesha gari kwa miguu. Kisha akatia bamba la chuma mbele ya makanyagio. Mimi nisingelikumbuka kamwe. Mguu usio na hisia huteleza, na kiatu chenye chuma kikiingia chini ya breki wakati wa mteremko, hapana wenzo utakaosaidia. Mintarafu ya jina la kifaa chenyewe, tulisumbuka kidogo. "Breki ya mkono" ilikwisha kutwaliwa zamani na kitu kingine. Mzee yule alipendekeza "mguu wa mkono". Mwanaisimu alikuwa na pendekezo lake refu, ambalo halikupata kura hata moja.

Leseni zetu zina kundi maalumu kwa madereva wenye ulemavu, kundi F, na dada alifanya mtihani wake kama wengine. Hata hivyo, siku tulipolipeleka gari kukaguliwa, afisa aliyelizunguka huku akiandika alituuliza, macho yakiwa kwangu, "Na nani atakuwa dereva?" Dada yangu alikuwa ameketi nyuma ya usukani. Ndiye aliyetufikisha pale.

Nimeeleza kisa hiki kwa mapana kwa sababu nakijua, lakini haitakuwa haki nikiishia hapa. Dada yangu ana mshahara. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu nchini, na ulemavu wa kutembea ulitajwa zaidi kuliko mwingine wowote. Wengi wao hawatanunua gari maishani mwao. Gari lao ni matatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya uchukuzi wa umma wayarekebishe yawafae abiria hawa, ikawapa muda wa miaka 2 tangu kifungu hicho kianze kutumika. Sheria hiyo imekwisha kuzeeka, ikafutwa, na mwaka 2025 tukapata nyingine mpya, ilhali mlango wa matatu ungali vile vile.

Husemwa kwamba matatu hazibadilishiki, kwamba gharama ni kubwa na wenye magari watagoma. Wanaosema hivyo wamesahau Februari ya mwaka 2004. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutumika tarehe mosi ya mwezi huo, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Magari yasiyotimiza hayo yaliondolewa barabarani, na watu wakatembea kwenda kazini kwa siku kadhaa. Kisha magari yakarudi yakiwa na mikanda. Ndugu msomaji, tazama pia zile matatu za vijana wa Nairobi: runinga, spika zinazotikisa vioo vya maduka, taa za rangi saba, michoro iliyomchukua msanii siku nyingi kuikamilisha. Taifa linaloweza kuligeuza gari kuwa ukumbi wa muziki haliwezi kudai kwamba limeshindwa na kipandio.

Kwani tatizo hasa ni kipandio. Magari mengi ya abiria 33 huanza maisha yake kama lori. Huja fremu, injini na kichwa, kisha bodi hujengwa juu yake hapa hapa nchini. Lori huinuliwa ili libebe mizigo juu ya mashimo, na abiria hurithi kimo hicho. Dada yangu alipata kukipima kipandio cha kwanza cha basi moja dogo kwa rula ya ubaoni: sentimita 43 kutoka ardhini. Ngazi ya nyumba aghalabu haifiki nusu yake. Wanaoteseka hapo si wenye viti vya magurudumu peke yao. Ni ajuza mwenye goti bovu, ni mama mjamzito, ni mtu aliyetoka hospitalini jana. Kipandio kimoja cha ziada kinachokunjuka, vishikio pande zote mbili za mlango na kiti kimoja karibu na mlango vingewafaa wengi hawa, na fundi wa bodi angeviweka kabla ya kupaka rangi.

Kwa mwenye kiti cha magurudumu jambo ni gumu zaidi, na wanaopendekeza ubao wa mteremko kwa kila gari hawajapiga hesabu. Kanuni ya majengo hutaka kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za mteremko. Sakafu yenye kimo cha sentimita 60 ingedai ubao wa zaidi ya mita 7, mrefu kuliko Nissan yetu ya abiria 14. Kwa hiyo ama sakafu ishushwe, ama iwekwe lifti. Ndani, kiti kitazame mbele, kifungwe sakafuni kwa kanda nne, na abiria awe na mkanda wake mwenyewe ulioshikwa na gari, si na kiti.

Lifti hizo zipo. Wajapani huunda magari ya aina hii kwa wazee wao, mengine yakiwa na kiti cha abiria kinachozunguka na kuteremka nje ya mlango, na baadhi hutufikia yakiwa yametumika. Katika yadi moja ya Mombasa niliwahi kumwona kijana akifungua bolti za lifti ya nyuma ya gari kama hilo. Nilimuuliza inakwenda wapi. Aliniambia itauzwa kwa kilo, kama chuma chakavu, kwa sababu mteja anataka viti vinne zaidi.

Mwezi uliopita nilipata habari kwamba chama kimoja cha wenye matatu katika njia yetu kimeagiza bodi za magari mapya. Nilikiandikia barua nikiambatisha mchoro wa kipandio, vishikio na nafasi ya kiti kimoja karibu na mlango, uliochorwa na mzee wa Changamwe na kusahihishwa vipimo na dada yangu. Sijajibiwa. Jumatatu niliandika barua ya pili, na safari hii dada amesema ataipeleka mwenyewe.