Jina la Mtaa Wetu Tulilikuta Kisumu

Mkaazi wa mitaa ya Eastlands akiwaaga majirani kwamba anasafiri, swali la kwanza atakaloulizwa ni nani amefariki. Kama si matanga ni mahari, na kama si mahari basi ni Krismasi. Kusafiri kwa ajili ya kutazama tu, kuuona mji wa watu na kurudi, ni jambo tulilowaachia watalii wenye kofia pana na wenzetu wa upande wa pili wa jiji. Ndiyo maana likizo ya Agosti, mimi na mwenzangu tulipotangaza kwamba tunakwenda Kisumu kutembea wala si kuzika, mama mboga wetu pale Jericho alitutazama kwa huruma, kama atazamavyo watu wanaoficha msiba.

Sisi sote wawili ni walimu. Mwenzangu wa hisabati, nami wa Kiswahili na historia. Kilichotuchochea ni safari iliyoandaliwa na shule moja ya huku kwetu ambayo sitaitaja. Kila mzazi alitakiwa kutoa shilingi 6,500, na wanafunzi wapatao theluthi moja ya darasa wakabaki nyumbani kwa kukosa fedha hizo. Waliokwenda walirudi wakisimulia juu ya hoteli na bwawa la kuogelea. Mwenzangu aliapa kwamba angeonyesha, kwa kalamu na daftari, kuwa ziara yenye maana inaweza kufanywa kwa pungufu ya hapo.

Basi haya ndiyo mahesabu yake. Nauli ya basi kutoka stendi ya Machakos hadi Kisumu ilikuwa shilingi 1,200, na kurudi vivyo hivyo. Gesti tulichangia, kila mmoja shilingi 500, chumba chenye vitanda viwili na neti moja tu ya mbu (alilala nayo yeye, kwa hoja kwamba ndiye mweka hazina). Chakula shilingi 700, kwa sababu viazi vitamu na chupa ya chai tulitoka navyo nyumbani. Bodaboda na viingilio shilingi 500. Jumla 4,100. Nakiri kwamba nauli pekee ilimeza zaidi ya nusu, na huo ndio ukuta unaowazuia watoto wetu kuiona nchi yao.

Safari yenyewe haikosi faida kwa mwenye macho. Kutoka ukingo wa Bonde la Ufa, kupitia Naivasha na Nakuru, kupanda hadi mashamba ya chai ya Kericho na kisha kuteremka kwenye joto na mpunga wa Ahero, mwanafunzi wa jiografia anapitishiwa kitabu kizima dirishani. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, nayo ikafika ufuo wa ziwa mwaka 1901, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence. Ni reli hiyohiyo iliyowaleta wazee wetu wengi kuja kukaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli kule Muthurwa na Makongeni. Kwa hiyo Eastlands na Kisumu ni ndugu wa tumbo moja, tangu zamani.

Mji wenyewe ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Nyanza hadi mikoa ilipoondoka na kaunti kuingia mwaka 2013. Tuliona yaonwayo na kila mgeni: gugu-maji ziwani, wavuvi wa Dunga, na soko la Kibuye ambalo siku ya Jumapili huwezi kulimaliza kwa miguu. Katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, tulizunguka boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, nyumba ya kila mke mahali pake, na ya mtoto wa kiume wa kwanza mahali pake pia. Mwenzangu aliyachora yote daftarini na kusema hapo pana somo zima la jometri. Sikubishana naye.

Lakini mimi nilikuwa na haja yangu. Wanaokaa mitaa yetu wanajua kwamba Jericho kwa ukamilifu ni Ofafa Jericho, na Maringo ni Ofafa Maringo. Jina hilo la mbele limenyolewa na makondakta wa matatu, ambao hawana nafasi ya maneno mawili penye moja. Nimewahi kuliuliza darasa zima Ofafa ni nini. Wengi walinyamaza. Mmoja, kijana mwerevu, alijibu kwamba ni mji wa Biblia, maadamu jirani zake ni Jericho na Jerusalem. Darasa lilicheka, ila hakuna aliyeweza kumsahihisha.

Ambrose Ofafa alikuwa mtu. Alikuwa diwani Mwafrika wa Nairobi na mmoja wa viongozi wa Luo Union, chama cha Wajaluo waliotawanyika Afrika Mashariki wakitafuta kazi. Aliuawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni ikamhesabu miongoni mwa waliouawa na Mau Mau. Jina lake likapewa mitaa iliyokuwa ikijengwa kwa ajili ya Waafrika. Huku kwetu kumbukumbu yake iliandikwa na wenye mamlaka. Ikaja pamoja na nyumba, bomba la maji na karani wa kodi.

Kisumu nako kuna jumba liitwalo Ofafa Memorial Hall. Hilo halikujengwa na serikali. Lilijengwa kwa michango ya wanachama wa Luo Union, wakati Jaramogi Oginga Odinga akiwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa chama hicho. Tuliuliza njia mara tatu kabla ya kulifikia, na si jumba la kumsimamisha mpita njia kwa fahari yake. Mzee mmoja aliyekuwa amejipumzisha karibu alituuliza tumetoka wapi. Nilipomwambia Ofafa Jericho, Nairobi, alicheka hadi akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Walimu," akasema, "nyinyi mnalala ndani ya jina, sisi tulilitolea shilingi. Baba yangu alikuwa kazini kwenye reli, anakaa Muthurwa. Alituma mchango wake kutoka huko."

Nimeyatafakari maneno ya mzee yule tangu siku hiyo. Kifo kimoja, jina moja, na kumbukumbu mbili. Mtawala alilitumia jina la marehemu kusema jambo lake kuhusu nani mwema na nani muasi. Watu wa chama walilitumia kujijengea mahali pa kukutania, na fedha zilizolijenga zilipitia mikononi mwa Odinga, ambaye hakuwa kipenzi cha mkoloni hata kidogo. Mwanafunzi anayetaka kujua historia huandikwaje asitafute mfano ng'ambo. Naam, hata baada ya uhuru jambo halikutulia: mwaka 1980 serikali ilivifuta vyama vya kikabila, Luo Union ikafa, na hata timu yake ya kandanda ikalazimika kubadili jina na kuitwa Reunion. Jumba likabaki, waliolijenga kama chama hawapo.

Wala Ofafa si peke yake. Mtaa wa Mbotela, hapohapo Eastlands, umechukua jina la Tom Mbotela, diwani na makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa mwaka 1952. Huyu alikuwa wa ukoo wa James Mbotela, mwandishi wa "Uhuru wa Watumwa", kitabu cha mwaka 1934 ambacho hakuna mwalimu wa fasihi ya Kiswahili asiyekijua. Ni ajabu kwamba tunakifundisha kitabu hicho katika madarasa yaliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mtaa huo, na hatujawahi kuwaambia wanafunzi wachungulie dirishani.

Hofu yangu ni kwamba muda unatuponyoka. Nyumba za zamani za Pangani zilibomolewa mwaka 2020 ili maghorofa yajengwe, na mipango ya kujenga upya imekuwa ikitajwa kwa mitaa mingine mingi ya zamani ya Eastlands. Sipingi watu kupata vyumba vyenye hewa na maji. Aliyekulia chumba kimoja na ndugu saba hahubiriwi uzuri wa vigae vya kale. Ila nyumba zikishuka, jina huwa halina pa kuegemea. Ghorofa jipya hupata jina jipya la kuuzia, na kizazi kimoja kinatosha kulifuta la zamani.

Kwa hiyo nawauliza walimu wenzangu: kabla ya kuwatoza wazazi fedha za basi, kwa nini tusianze na ziara isiyogharimu hata senti? Kutoka Jericho hadi ukumbi wa Kaloleni, ambamo wanasiasa wa Kiafrika walikuwa wakikutana na kuhutubia kabla ya uhuru, ni mwendo wa kijana mwenye viatu. Mtaa wenyewe wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940. Kila mwanafunzi apewe jina moja la mtaa na kuambiwa amtafute mzee mmoja anayelijua. Ndipo baadaye, atakayefika Kisumu, atakuwa na swali la kwenda nalo, na asiwe wa kupiga picha za kiboko tu.

Muhula huu nimelijaribu zoezi hilo na kidato cha pili. Aliyepewa Maringo alirudi na kurasa nne. Aliyepewa Mbotela anataka sasa kwenda Freretown, Mombasa, kuiona kengele ya watumwa walioachwa huru. Mwenzangu ameshafungua daftari. Anasema nauli ya Mombasa tutaizungumza baada ya mshahara.