Mchezo wa Zau: Msiba unaosimuliwa kwa Kiswahili wawagawanya wachezaji

KIJANA amefiwa na babake na amekataa kuyakubali yaliyotokea. Anamwita mungu wa mauti na kumpa sharti: nirejeshee mzazi wangu, nami nitakuletea roho tatu kubwa zilizokushinda kuzitwaa. Mungu huyo anaridhia. Kuanzia hapo wawili hao wanaandamana katika nchi ya ajabu, ambamo milima, misitu na nyika huonekana kuugua huzuni ile ile iliyo moyoni mwa kijana.

Huo ndio mwanzo wa Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa video uliotolewa Aprili 23, 2024 na Surgent Studios, kampuni ndogo ya Uingereza. Mwasisi wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Wachezaji wengi walimjua kwanza kwa sauti, kwani ndiye aliyeigiza Bayek, shujaa wa Assassin's Creed Origins ya mwaka wa 2017. Ameeleza mara nyingi kwamba aliubuni mchezo huu baada ya kumpoteza babake kwa maradhi ya saratani, na kwamba mapenzi yake ya hadithi aliyarithi kutoka kwa mzee huyo, ambaye naye alikuwa mwana wa mganga.

Linaloufanya mchezo huu utuhusu zaidi ni kwamba unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Wahusika wenyewe huzungumza. Lugha haikuachwa iwe maandishi tu chini ya kioo. Michezo mikubwa hutafsiriwa kwa Kifaransa au Kijapani bila yeyote kushangaa, lakini lugha yetu ni nadra mno kupewa nafasi hiyo.

Pamoja na hayo, wachezaji ulimwenguni hawakuafikiana kuuhusu. Wapo waliosema wametokwa na machozi, na wapo waliosema wamechoka kabla ya kufika nusu. Ili kuelewa ni vipi kitu kimoja kizae hukumu mbili zilizo mbali hivyo, yafaa kwanza kueleza jinsi mchezo wenyewe ulivyoundwa.

Hadithi ya Zau imo ndani ya hadithi nyingine. Zuberi, kijana wa mji wa siku zijazo uitwao Amani, amefiwa na babake na kuachiwa kitabu alichokiandika marehemu. Anapokifungua, mchezaji anaingia ndani yake na kuwa Zau, mganga chipukizi. Mwanafunzi aliyekalishwa darasani kuchambua hadithi ndani ya hadithi kwa ajili ya mtihani wa fasihi ataitambua mbinu hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba hapa msomaji wa kitabu na mhusika wa kitabu wanalia msiba mmoja.

Zau ana vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi. Akivaa cha Jua hupigana kwa karibu na kwa moto. Akivaa cha Mwezi hushambulia kwa mbali na kwa baridi kali. Akipata mbuyu njiani huketi chini yake na kutafakari, huku Kalunga, mungu wa mauti, akimsemesha kuhusu marehemu. Kalunga huyu hatishi. Ni mzee mwenye subira, mcheshi kidogo, na yamkini ndiye mhusika aliyependwa kuliko wote.

Kwa upande wa uchezaji, Zau ni wa jamii ya michezo ambayo wapenzi wake huiita metroidvania, jina lililoungwa kutokana na michezo miwili ya Kijapani ya mwaka wa 1986, Metroid na Castlevania. Katika jamii hiyo mchezaji hupewa ramani kubwa yenye njia zilizofungwa. Hupita sehemu fulani bila kuweza kuingia, hupata uwezo mpya kwingineko, kisha hurudi na kuifungua. Raha ya wapenzi wake imo katika kupotea, kukumbuka na kurudi.

Hapo ndipo mzozo ulipoanzia. Waliokuja kwa ajili ya ramani walikuta njia ambayo kwa sehemu kubwa huenda mbele tu. Walilalamika kwamba maadui ni wa aina chache, kwamba mapigano hurudia yale yale, na kwamba mchezo huisha kwa takriban saa nane. Bahati mbaya nyingine ni kwamba miezi mitatu tu kabla ya Zau, kampuni ya Ubisoft ilikuwa imetoa Prince of Persia: The Lost Crown, mchezo wa jamii hiyo hiyo uliotengenezwa na kikosi kikubwa zaidi. Mlinganisho haukuepukika, nao haukumfaa mdogo.

Waliokuja kwa ajili ya hadithi waliona mengine. Walisifu michoro, muziki wa Nainita Desai, na zaidi ya yote uigizaji. Kwao, mapigano yalikuwa pumzi baina ya mazungumzo. Baadhi ya waliowahi kufiwa na wazazi waliandika kwamba mchezo uliyasema mambo ambayo wao wenyewe hawakuwa wamepata maneno yake: hasira dhidi ya marehemu kwa kuondoka, aibu ya kucheka siku chache baada ya mazishi, na hofu ya kuisahau sauti yake.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lalamiko la ufupi ndilo hafifu kuliko yote. Hadithi hii ingerefushwa ingeharibika. Lalamiko zito ni lile la sehemu za kukimbizwa, ambapo kosa moja dogo humrudisha mchezaji nyuma na kumlazimisha kuirudia mbio yote. Mtu aliyetoka kusikiliza maneno ya upole chini ya mbuyu, kisha akafa mara nane kwa kuruka vibaya, huzuni humtoka na hasira ya kawaida ya michezo hushika mahali pake. Katika hilo makundi yote mawili yalikubaliana, na yalikuwa na haki.

Kulikuwa pia na kundi la tatu, ambalo halistahili kuitwa la wachezaji. Hawa walimshambulia Salim na wenzake kwa matusi ya ubaguzi wa rangi, wengi wao bila dalili ya kuwahi kuugusa mchezo. Mwaka huo huo wa 2024 Salim aliwajibu kwa ujumbe wa video, na pamoja na jibu hilo akatangaza kupunguza bei ili watu wengi zaidi waucheze na kujiamulia.

Sasa tuulete mchezo huu Kakamega, kwani huku maswali yake hubadilika sura.

Magharibi ya Kenya ni nchi inayojua kuomboleza. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho, mzee mwenye heshima akifariki huandaliwa shilembe, ambapo mafahali huswagwa hadi bomani kwa marehemu na watu hukusanyika kwa mamia. Isukuti hulia, ngoma kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Hata vijana wana lao, disko matanga, ambalo wakuu wa utawala wamelipiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya maovu yanayotendeka gizani.

Mchezaji aliyelelewa katika hali hiyo atashangaa jambo ambalo mhakiki wa London halioni: Zau yuko peke yake. Anavuka nchi nzima akiwa na majonzi yake na anakutana na watu wachache mno. Hakuna jirani aliyeleta kuni, hakuna shangazi anayepanga nani apike na nani achote maji, hakuna mchango unaoandikwa daftarini. Kwetu, mfiwa akitaka upweke ni lazima autafute kwa bidii. Salim alikulia Uingereza, na mtu anaweza kusema bila kumkosea heshima kwamba msiba aliouchora ni wa mtoto wa ughaibuni, mwenye hadithi za Afrika mkononi lakini bila uwanja uliojaa watu.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mchezo huu na eneo hili hukutana barabara. Majirani zetu Wabukusu wana desturi ya kumuse. Siku chache baada ya mzee kuzikwa, msemaji mteule, omuswala kumuse, husimama mbele ya waombolezaji, hutembea huku na huko, huusimulia ukoo na mambo ya kale, huwaonya walio hai na kuwafariji wafiwa. Kalunga afanyayo chini ya mbuyu ni kazi hiyo hiyo. Humruhusu Zau kusema, humkatiza anapojidanganya, na polepole humwelekeza kwenye jambo ambalo kijana hataki kulisikia. Asiyeijua kumuse huona hapo mazungumzo mazuri. Anayeijua huona kazi yenye jina na kanuni zake.

Hoja nyingine ya wachezaji wa Kiafrika inahusu miungu. Matangazo ya mchezo yalitaja ngano za Wabantu, lakini ukitazama kwa makini utakuta mchanganyiko. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Jina la Kalunga latoka pande za Kongo na Angola. Wote hao wamekusanywa na kuzungumzishwa Kiswahili, lugha ya pwani iliyokulia ndani ya Uislamu na biashara. Kuna wanaouona huo kuwa ukorofi. Mimi siuoni hivyo, kwa kuwa hata hapa Kakamega Kiswahili ni lugha ya kukutania: Mluhya na Mjaluo huagana bei kwacho sokoni, na hakuna anayedai kwamba mahindi yamepoteza kabila.

Gumu zaidi ni neno nganga lenyewe. Katika mchezo, nganga ni mtibabu wa roho, mtu wa heshima anayewatuliza wafu na walio hai. Katika miji ya Kenya, neno mganga limebandikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na nambari ya simu na ahadi ya kumrudisha mume aliyetoroka. Mchezaji wetu huanza kwa kucheka. Kama atavumilia saa moja ya kwanza, kicheko hicho humwisha.

Swali ni kama ataipata saa hiyo. Katika miji mingi ya Kenya, Kakamega ikiwemo, vijana wengi hawamiliki mashine za kuchezea. Huenda kwenye vibanda vya michezo ya video, hushika pedi, na hulipa kwa mechi au kwa saa. Utaratibu huo umeichagua soka: mechi ni ya dakika chache, ina mshindi na mshinde, na anayeshindwa humpisha anayengoja benchini. Hadithi ya saa nane haina nafasi hapo. Nani atalipia kuketi chini ya mbuyu akisikiliza wasia, huku wenzake watano wakimpigia kelele aharakishe? Hata sauti hiyo ya Kiswahili ingemezwa na vurugu za waliokaa kwenye mashine ya pili.

Kinaya ni kwamba mchapishaji wa Zau ni Electronic Arts, kampuni ile ile inayotengeneza mchezo wa soka ulioitwa FIFA kwa miaka mingi na ambao tangu mwaka wa 2023 unaitwa EA Sports FC. Kwa hivyo soka inayotawala vibandani na mchezo usioweza kuingia humo vimetoka nyumba moja.

Vizuizi vingine ni vya vifaa. Zau haukutengenezewa PlayStation 4, mashine ambayo vibanda vingi viliendelea kuitegemea. Ulitolewa kwa PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na tarakilishi. Waliokuwa wamejiunga na PlayStation Plus Extra waliupata siku ya kwanza bila malipo ya ziada, lakini mwaka huo mtandao wa PlayStation haukuwa umefunguliwa rasmi kwa Kenya, na wachezaji wa humu walizoea kujiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine. Bei yake ilipotoka ilikuwa karibu dola 20, yaani takriban Sh2,600 kwa kima cha wakati huo. Njia iliyobaki wazi zaidi ni tarakilishi yenye nguvu ya kutosha, ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akiwa nayo huhesabiwa kuwa mwenye bahati.

Matokeo ni kwamba maoni mengi yaliyoandikwa kuuhusu mchezo huu yalitoka kwa watu waliousikia kwa Kiingereza. Ni vigumu kupata hukumu ya mtu aliyeucheza kwa Kiswahili na akatuambia kama lugha ilikaa sawasawa kinywani mwa Zau, kama mzaha wa Kalunga ulichekesha, kama kilio kilikuwa cha kweli. Hukumu hiyo ndiyo tungeitaka zaidi, na ndiyo ingewasaidia watunzi kujua kama gharama ya kutia sauti za lugha yetu ililipa.

Tuzo hazikukosekana. Aprili 2025, mchezo huu ulishinda tuzo ya BAFTA kwa michezo inayovuka mipaka ya burudani. Kufikia wakati huo, hata hivyo, kampuni yenyewe ilikuwa imeyumba. Julai 2024 iliwaachisha kazi watu zaidi ya kumi. Oktoba mwaka huo ikatangaza kwamba idara yake ya michezo ingesimama huku ikitafuta mfadhili wa mradi mpya uliopewa jina la Kiswahili, Uso.

Fedha zilipopatikana, zilikuja kwa ajili ya mchezo mwingine. Dead Take, uliotolewa Julai 31, 2025, ni hadithi ya kutisha inayotokea ndani ya jumba la kifahari la Hollywood.