Kununua Nyumba ya Bei Nafuu Milimani: Mambo ya Kuzingatia katika Mabonde ya Rhondda

Siku hizi hapana harusi wala hitima ya jamaa zetu hapa Uingereza ambayo watu hukaa nusu saa bila ya mazungumzo kugeukia nyumba. Wazee wetu waliofika huku baada ya 1964 walianza kwa kupanga vyumba, na wengi walipata baadaye nyumba za serikali ya mtaa. Watoto wao leo wana kazi na familia zao wenyewe, lakini kila mwisho wa mwezi pango linakwenda kwa mwenye nyumba. London, bei ya wastani ya nyumba imekwisha pita pauni nusu milioni. Basi si ajabu vijana kuanza kutazama mbali, na miongoni mwa sehemu zinazostahili kutazamwa ni mabonde ya kusini ya Wales, ambako nyumba ya safu yenye vyumba vitatu kwa bei iliyo chini ya pauni 120,000 bado hupatikana.

Makala haya hayakusudii kumvuta mtu wala kumzuia. Yanakusudia kusema jambo moja: bei inayobandikwa dirishani kwa dalali ni bei ya kuta na paa tu. Mnunuzi hununua pia mlima ulio juu ya nyumba, mashimo yaliyo chini yake, na masharti ya majina yatakayoandikwa katika hati. Mwenye kuyajua haya mapema anaweza kupata nyumba njema kwa fedha ndogo. Asiyeyajua huweza kununua nyumba rahisi ikamla maisha yake yote.

Mabonde yenyewe

Rhondda ni mabonde mawili, Rhondda Fawr na Rhondda Fach, yaani Kubwa na Ndogo, kaskazini-magharibi ya Cardiff. Kwa mtu aliyeiona Kilimanjaro milima yake si kitu. Kilele cha Craig y Llyn ni mita 600 tu. Lakini milima hiyo imesimama wima, na miji imejibana chini yake: Treorchy, Treherbert, Ferndale, Maerdy, safu juu ya safu za nyumba za mawe zilizoshikana kuta.

Miji hiyo ilijengwa na makaa ya mawe. Mwaka 1921 Rhondda ilikuwa na watu zaidi ya 160,000, na katika siku za neema yake mashimo ya makaa yalipindukia 50. Kisha mashimo yakafungwa moja baada ya moja, na la mwisho, la Maerdy, lilifungwa Disemba 1990. Leo wakaazi hawafiki nusu ya wale wa 1921. Kazi iliondoka, nyumba zikabaki, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya urahisi wa bei. Inafaa ikumbukwe, kwani mtu anayehamia huko bila ya kujua atafanya kazi gani atakutana na tatizo lile lile lililowaondoa wenyeji.

Nyumba zilizojengwa kwa upatu

Liko jambo katika historia ya mabonde haya ambalo mama zetu watalielewa upesi kuliko mawakili. Nyumba nyingi za huko hazikujengwa na matajiri. Katika karne ya 19 wachimbaji makaa waliunda vyama vya ujenzi; kila mwanachama akitoa fungu lake kila mwezi, nyumba zikijengwa, kisha kura ikipigwa kujua nani ataingia ipi. Chama kilikwisha pale kila mmoja alipokwisha pata yake na deni likalipwa. Huo ni upatu, hata kama wao hawakuuita hivyo.

Desturi ya kuchangishana haikufa. Upande wa pili wa mlima wa Rhigos, ukitoka Treherbert, lipo shimo la Tower. Lilipofungwa na serikali mwaka 1994, wachimbaji 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 kutoka katika fedha zao za kuachishwa kazi, wakalinunua, wakalifungua tena Januari 1995, na wakaliendesha wenyewe mpaka makaa yalipokwisha mwaka 2008. Familia yetu inayofikiri kununua kwa kuchangishana haitakuwa imeleta jambo geni katika mabonde hayo.

Ardhi ni ya nani?

Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa kwamba nyumba inaweza kuwa yako na kiwanja kikawa cha mwingine. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa sababu hiyo hiyo. Rhondda nako, nyumba nyingi zilijengwa juu ya ardhi ya makabaila kwa mkataba wa miaka 99, na muda ukimalizika nyumba ikirudi kwa mwenye ardhi. Manung'uniko yalikuwa makubwa, hata sheria ya 1967 ikawapa wakaazi wengi haki ya kuinunua ardhi iliyo chini ya nyumba zao.

Wengi waliinunua, lakini si wote. Basi suali la kwanza kwa wakili liwe hili: je, nyumba inauzwa pamoja na ardhi yake milele, au kwa muda? Na ikiwa ni kwa muda, imebaki miaka mingapi, na kodi ya ardhi ni kiasi gani? Daftari la serikali la ardhi hutoa jibu kwa ada ndogo, wala halina haja ya kusubiri maneno ya dalali.

Mlima wa juu na mashimo ya chini

Mashimo ya makaa yaliacha vitu viwili: njia tupu chini ya ardhi, na vilima vya taka juu ya milima. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, bonde la jirani, kilima cha taka kiliporomoka baada ya mvua kikaifukia skuli. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tangu hapo vilima vingi vimesawazishwa na kukaguliwa, lakini hatari haijaondoka kabisa. Februari 2020 mlima uliporomoka Tylorstown katika Rhondda Fach, na Novemba 2024 taka za makaa zilishuka mpaka kwenye nyumba za Cwmtillery. Katika tufani hizo mbili mji wa Pontypridd, inapokutana mito, uliingia maji.

Hayo yasimtishe mtu, ila yamfanye aulize. Wakili aagize ripoti ya machimbo ya nyumba ile hasa. Itaonyesha kama yapo mashimo ya zamani karibu na kama liliwahi kudaiwa fidia kwa ardhi kuzama. Serikali ya Wales imekwisha tangaza mahali vilipo vilima vya taka vinavyohitaji uangalizi zaidi, na idara ya mazingira ya huko ina ramani ya hatari ya mafuriko. Pamoja na hayo, bima iulizwe kabla ya kununua, si baada yake. Ikiwa makampuni matatu yamekataa kuikatia bima, nawe utakuwa umepata jibu lako.

Paa, kuta na baridi

Nyumba hizi zina umri wa miaka zaidi ya mia. Kuta zake ni za mawe mazito yasiyo na uwazi katikati, na mapaa yake ya asili ni ya sleti. Zikitunzwa hudumu. Zikiachwa, maji huingia kwa paa na dohani, unyevu hupanda ukutani, na ukungu huota nyuma ya kabati. Kwa mtoto mwenye pumu au mzee mwenye baridi yabisi, jambo hilo si dogo.

Wengi hudhani kwamba benki ikimtuma mtu wake kuitazama nyumba, kazi ya ukaguzi imekwisha. Sivyo. Mtu wa benki huangalia kama fedha za benki zitarudi, hakuangalii wewe. Nyumba ya umri huu inahitaji mkaguzi wa majengo aliyelipwa na mnunuzi, apande darini na apime unyevu, na atazame bustani kama umeota ule mmea wa Kijapani uitwao knotweed, uliotapakaa sana kusini ya Wales na unaoweza kumfanya mkopeshaji akatae. Ada yake huonekana nzito, lakini ni nyepesi kuliko paa jipya. Kisha cheti cha matumizi ya moto na umeme, chenye daraja kutoka A mpaka G, kisomwe vizuri. Nyumba ya daraja la chini itakudai kila majira ya baridi.

Fedha: riba na mnada

Jamaa zetu wengi wamekaa bila ya nyumba kwa kuogopa riba, na hilo ni la kuheshimiwa. Njia ipo. Benki za Kiislamu hapa hununua nyumba pamoja na mteja. Mteja hulipa kodi ya fungu la benki, na huku akilinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka nyumba yote iwe yake. Zamani njia hiyo ilitozwa ushuru wa hati mara mbili, na sheria ya 2003 ikaanza kuuondoa mzigo huo. Ila wakopeshaji wengi, wa Kiislamu na wasio wa Kiislamu, wana kima cha chini cha thamani ya nyumba au cha mkopo, na nyumba ya Rhondda huweza kuwa chini yake. Swali hili liulizwe kabla ya kuipenda nyumba.

Nyumba rahisi kabisa huuzwa mnadani. Katika mnada wa kawaida nyundo ikigonga, mkataba umekwisha fungwa. Hutakiwa asilimia 10 papo hapo, na zilizobaki kwa kawaida ndani ya siku 28. Hapana kurudi nyuma kwa kuwa umegundua shimo la makaa. Mwenye kwenda mnadani awe amekwisha soma hati zote, na fedha ziko tayari.

Majina katika hati

Hapa ndipo familia hugombana. Tuchukue mfano. Mama hana nyumba popote. Wanawe wawili wanataka kumnunulia ya pauni 110,000. Ikiwa mama ni mnunuzi peke yake, Wales haimtozi kodi ya ununuzi, kwani nyumba ya kukaa isiyozidi pauni 225,000 imesamehewa. Lakini mtoto mmoja akiingia kuwa mwenye fungu, naye tayari ana nyumba Leicester, ununuzi wote huweza kutozwa kiwango cha juu, ambacho tangu Disemba 2024 huanzia asilimia 5. Hiyo ni pauni 5,500. Wala isidhaniwe kwamba nyumba ya Zanzibar au Muscat haihesabiwi. Ikiwa thamani yake ni pauni 40,000 au zaidi, nayo huhesabiwa. Kuficha jina katika hati na kuandikiana pembeni si dawa, kwani sheria humtazama mwenye fungu. Mtoto achague moja: awe mshirika alipe, au fedha zake ziwe zawadi au mkopo kwa mama, na liandikwe waziwazi ni lipi kati ya hayo.

Jambo jengine ni namna ya kumiliki. Wawili wakiandikwa kuwa wamiliki wa pamoja bila ya mafungu, mmoja akifa yote humwendea aliyebaki, na wasia hauwezi kubadilisha. Wakiandikwa kila mmoja na fungu lake, fungu la maiti huingia katika mirathi yake. Na sheria ya hapa haigawi kwa mafungu ya Kiislamu mpaka mtu awe ameandika wasia, akautia saini mbele ya mashahidi wawili wasiokuwa warithi. Bila ya hayo, mjane na watoto watagawiwa kwa utaratibu mwengine, na ukoo utabaki na chuki.

Maisha ya kila siku

Reli ya Treherbert ilifungwa 2023 kwa matengenezo ikafunguliwa tena Februari 2024, na Cardiff ni mwendo wa saa moja hivi. Misikiti mingi, maduka ya nyama ya halali na watu wa asili mbalimbali wako Cardiff, mji ambao mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni waliuzoea tangu karne ya 19. Bondeni, familia yetu huenda ikawa peke yake mtaani. Watoto watasikia Kiwelshi skulini, na Kiswahili kitabaki kazi ya nyumbani. Barabara za Bwlch na Rhigos hupita juu ya milima, na theluji ikianguka huweza kufungwa. Upande mmoja wa bonde jua hupotea mapema mno wakati wa baridi.

Kwa hivyo, anayefikiri kununua asiende Julai peke yake. Aende Januari, siku ya mvua, na aende na yule atakayebaki nyumbani mchana, awe mama au mke, kwani yeye ndiye atakayeishi pale. Abishe hodi kwa jirani wa ukuta mmoja, aulize khabari za maji, za baridi na za mlima. Watu wa mabonde hayo ni wasemaji, na jirani hana kamisheni ya kupoteza.

Kisha familia ikae kitako, wakubwa kwa wadogo, kabla ya amana ya kwanza kulipwa: nani anatoa nini, jina la nani litaandikwa, nani atakaa, na fungu litakwenda wapi Mungu akimchukua mmoja. Mwenye kuweza kuandika aandike, na wote watie saini.