Umeumia, Nawe Una Madeni: Fidia Ni ya Nani?

Tuseme kuna baba mmoja mtaani Kayole, fundi wa magari, aliyelemewa na madeni. Benki inamdai, sacco inamdai, mwenye nyumba naye anabisha hodi kila mwisho wa mwezi. Badala ya kungoja atangazwe mufilisi, alikwenda Mahakama Kuu akaomba mpango wa hiari wa kulipa madeni, unaoruhusiwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Wadai wakakubali awe akiwalipa kidogo kidogo kupitia kwa msimamizi. Mwaka wa pili wa mpango huo, matatu ikapanda kando ya barabara ikamvunja mguu.

Je, adai fidia? Na akilipwa, pesa hizo ni zake au ni za wadai?

Wengi wanaofikwa na jambo kama hili hukata tamaa mapema. Utamsikia mtu akisema, "Nishtaki ya nini? Si nitakuwa nawatafutia wadai pesa tu?" Basi ananyamaza. Ukimya huo ni wa hasara. Anayejeruhiwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 tu ya kufikisha kesi kortini, na miaka hiyo haingoji mtu amalize madeni. Aliyeumia kazini ana muda mfupi zaidi: Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inataka madai yawasilishwe katika miezi 12, na mwajiri ampashe habari Mkurugenzi wa usalama kazini katika siku 7 tangu ajue kuhusu ajali.

Tena kuna wanaodhani kwamba mpango wa madeni unawafunga mdomo mahakamani. La hasha. Amri ya korti inayotangulia mpango huo huwazuia wadai kumwandama mdaiwa. Haimzuii yeye kumshtaki mwenye matatu.

Jambo la kuelewa ni kwamba fidia, hata ikija kwa hundi moja, si pesa ya aina moja. Iko fidia ya maumivu na ya kiungo kilichoharibika. Iko ya gharama, yaani hospitali, dawa na nauli ya kwenda kliniki, na hii lazima ithibitishwe kwa risiti. Bila risiti hakimu hana la kukupa. Kisha iko ya mshahara uliopotea na ya uwezo wa kuchuma uliopungua.

Tofauti hiyo ni ya zamani. Mwaka 1849, katika kesi ya Beckham dhidi ya Drake, majaji wa Uingereza walieleza kwamba madai yanayopimwa kwa maumivu ya mwili, akili au heshima ya mufilisi hubaki yake mwenyewe. Baadaye, katika kesi ya Ord dhidi ya Upton iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2000, Mahakama ya Rufaa ya huko ilikabili swali gumu zaidi: vipi kama maumivu na mshahara vimo katika dai moja? Ikaamua kwamba dai lenyewe huenda kwa mdhamini wa mali ya mufilisi, lakini sehemu ya maumivu mdhamini humshikia aliyeumia. Ya mshahara ndiyo huwaendea wadai. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ila mawakili na majaji wa hapa huyarejelea mara nyingi.

Hayo lakini ni ya mufilisi. Fundi wetu hajafilisishwa. Yeye yumo katika mpango, na katika mpango neno la mwisho ni la karatasi alizotia sahihi. Atafute kifungu kinachozungumzia mali au pesa zitakazopatikana baadaye. Mipango mingine huzitaka zote, mingine huzitaja nusunusu, mingine iko kimya. Anayeandaa mpango leo, hasa ikiwa tayari aliumia, aombe iandikwe waziwazi kabla wadai hawajapiga kura kwamba fidia ya maumivu haitaguswa. Kuomba baada ya sahihi ni kazi ngumu, kwa kuwa wadai lazima waridhike upya.

Na amwandikie msimamizi barua mara tu anapoanza kudai. Kuficha ni hatari. Kuwadanganya wadai ili wakubali mpango ni kosa la jinai, na mpango ukivunjika ufilisi unaweza kufuata.

Kampuni za bima nazo hupenda kutoa kitita kimoja cha kumaliza kesi. Tuseme wanampa fundi shilingi 900,000 bila maelezo. Msimamizi atajuaje kwamba 500,000 ni za mguu na si za mshahara? Wakili ahakikishe kwamba mapatano yanataja kila sehemu na kiasi chake. Kwa maoni yangu, wakili asiyemuuliza majeruhi kama ana mpango wa madeni hajaianza kazi yake. (Madalali wanaozurura wodini wakitafuta sahihi za wagonjwa ndio hawaulizi kabisa.)

Yule asiye na mpango, ila ana hukumu ya deni juu ya kichwa chake, ana ngao yake pia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinakataza kukamatwa kwa haki tupu ya kudai fidia, kama kinavyokataza kukamatwa kwa vifaa vya fundi na matandiko. Dalali wa korti hawezi kuchukua kesi yako. Pesa zikishaingia benki, hata hivyo, si haki ya kudai tena, na mdai anaweza kuomba korti izizuie humo humo. Ndiyo sababu mashauri na wakili yafanywe kabla hundi haijaandikwa.